Giza la Kanga Moja

Jumamosi asubuhi nilimpeleka mwanangu maktaba, kwenye hadithi za watoto wachanga. Mkutubi akamwomba bibi mmoja wa Igoma, aliyempakata mjukuu wake, naye asimulie.

“Mchana huu?” bibi akashtuka. “Kwetu hadithi ni za usiku, mwanangu. Jua likiwaka ni kazi.”

“Fupi tu, bibi. Watoto wanakungoja.”

Bibi akalitazama dirisha lililojaa jua, akavua kanga ya begani, akajifunika gubigubi na mjukuu wake.

“Haya, giza limeingia,” tukamsikia. Kisha fisi akaanza kulia humo ndani.

Mwanangu akatambaa, akainua pindo, akaingia. Wenzake wakafuata, zikabaki nyayo za miguu yao tu nje.

Mimi ninayelalamika kila umeme ukikatika, nilikaa pale juani nikilionea wivu giza lao.