Uzio wa Minyaa

Harufu ya minyaa iliyokatwa siipendi hadi leo. Ni chungu, hukaa kooni, na kila ninapoikuta inanirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka saba, nyuma ya kanisa la kijijini kwetu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ilongero. Lilikuwa kanisa dogo la mawe, na mvua ikinyesha bati lake lilipiga kelele hata mwinjilisti akakatisha mahubiri, nasi watoto tukamshukuru Mungu kwa dhati kuliko siku zote. Nyuma yake yalikuwa makaburi yaliyozungushiwa uzio wa minyaa. Ndani walilala waliobatizwa. Wasiobatizwa walizikwa nje, upande wa majabali, walikopita mbuzi.

Mwaka huo mama alijifungua mtoto wa kike wakati mwinjilisti yuko safarini. Mtoto aliishi siku tatu, na hakuna aliyethubutu kumbatiza bila mwinjilisti. Mzee Yona, mzee wa kanisa, ndiye aliyemwonyesha baba mahali pa kuchimba: nje, hatua chache kutoka kwenye uzio. Baba alichimba. Hapakuwa na wimbo wala kengele. Mama hakulia mbele za watu, nami kwa utoto wangu nikadhani hakuumia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; mimi nilijua uchungu wa kukosa uji tu.

Wiki chache baadaye mama aliomba kazi ya kutunza uzio, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya utomvu. Wakampa huku wakimshukuru. Tulikwenda jioni baada ya palizi ya mtama, yeye na panga, mimi na mzigo wa vipande vya kupanda. "Tunaziba matundu, mbuzi wasiingie," aliniambia. Lakini tulipopanda hapakuwa na tundu lolote. Alipanda hatua moja nje ya uzio, na sehemu moja tu, upande wa majabali. Siku moja utomvu ukaniingia jichoni, nikapiga yowe. Mama alitupa panga, akanilaza mapajani, akafungua blauzi na kunikamulia maziwa yake jichoni, kama wanavyofanya kwetu. Yalikuwa ya vuguvugu, na yalikuwa mengi, maana hayakuwa na wa kuyanyonya. Hapo ndipo nilipomsikia akilia kwa sauti, machozi yakinidondokea usoni pamoja na maziwa. "Usimwambie mtu," alisema. Sikujua ananikataza kusema nini: jicho, kilio au uzio. Basi sikusema chochote.

Msimu uliofuata, minyaa mipya ilipokuwa imeshika, alikata ile ya zamani akapanda tena hatua moja mbele. Haba na haba hujaza kibaba: msimu wa tatu mdogo wangu alikuwa ndani. Mama aliendelea kuipogoa sehemu ile hadi uzee ulipomzuia, wala hakumwachia mtu mwingine. Alipougua mara ya mwisho, miaka miwili iliyopita, alinishika mkono. "Wasijue, Neema," alisema. "Watamtoa."

Mwaka huu nilikwenda kusafisha kaburi la mama nikakuta minyaa yote imelazwa chini. Wanajenga ukuta. Fundi, mgeni kutoka mjini, alikuwa amevuta kamba iliyonyooka kutoka kona hadi kona, na kamba ilimwacha mdogo wangu nje. Mzee Yona, sasa mkongwe wa kutembelea fimbo, alikuwa ameketi juu ya matofali akisimamia kazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikinyamaza, mtoto anabaki nje. Nikisema, namsaliti mama kaburini mwake. Nikasema yote.

"Tunajua, mwanangu," alijibu taratibu. "Nilimwona mama yako tangu mwaka ule wa kwanza. Mwinjilisti alituambia tupite upande mwingine, tumwache apande." Kisha akamgeukia fundi. "Sogeza kamba. Ukuta ufuate uzio aliopanda mama yake."

"Sasa mbona hamkumwambia?" Sauti ilinitoka kwa ukali nisiouzoea mbele ya mkubwa.

Mzee Yona aliinamisha kichwa, akachora chini kwa fimbo. "Tulidhani anajua kwamba tunajua."

Siku hizi watoto wa namna ile huzikwa ndani, kwa wimbo, na vijana hawajui kwamba mambo yaliwahi kuwa vinginevyo. Nafurahi, tena sana. Ila nina hasira pia, na sijui niielekeze kwa nani. Wale wazee walinyamaza kwa huruma, nami siwezi kuwalaumu kwa kupita upande mwingine. Lakini mama hakuonja hata tone la huruma hiyo. Alikufa akiwaogopa. Fundi aling'oa kigingi akakipigilia mbele zaidi, juu ya vishina vya minyaa vilivyokuwa bado vinatoa utomvu. Macho yakaanza kuniwasha, na hapakuwa na wa kunikamulia maziwa.