Kadi Mbili za Leokadia

Leokadia Wrobel alihamia mtaa mpya wa Quillmead mwezi Oktoba mwaka 1947, rangi ya mlango wake ikiwa haijakauka. Nyumba yake ilikuwa ya saba kutoka kona, na yangu ya nane. Kati yetu palikuwa na ukanda wa nyasi tu, kwa kuwa kampuni iliyoujenga mtaa ule haikuruhusu ua wala wigo. Mwaka uliotangulia pale pote palikuwa mashamba ya viazi, na kila alipochimba ili apande maua, Leokadia aliibuka na viazi viwili vitatu, akavipika.

Nyumba zilifanana mno hata wanaume waliorudi na treni ya jioni walikosea milango. Stanley, mume wa Leokadia, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha ndege, aliingia jikoni kwangu siku moja, akavua viatu, akaketi na kulimaliza bakuli zima la supu kabla ya kuinua uso.

"Lodzia, leo umesahau chumvi," alisema.

Nilimweleza kwamba Lodzia wake, ndivyo alivyomwita Leokadia, yuko mlango wa pili, na kwamba chumvi yangu haikuwa na kasoro. Alitoka mbio, viatu mkononi.

Leokadia alifika Brooklyn kutoka Poland akiwa na miaka kumi na minne, akaenda kazini moja kwa moja. Kiingereza alikisema vizuri, lakini kukisoma hakuweza. Majira yale ya baridi alikuja kwangu kila Jumanne na Alhamisi, nami nikamfundisha kama nilivyowafundisha watoto shuleni: weka kidole chini ya kila neno, usiruke, na usitie sahihi kabla hujafika kwenye nukta ya mwisho.

Katika masomo hayo ndipo nilipomfahamu Hattie Pettway. Wakati wa vita walichomelea meli pamoja, yeye na Leokadia. Siku moja ubao wa jukwaa ulivunjika, Hattie akamkamata Leokadia kwa mshipi wa kiunoni, akamng'ang'ania akining'inia hewani mpaka watu walipofika. Sasa Hattie, mumewe Clifton na watoto wao wawili waliishi katika chumba kimoja Brooklyn. Leokadia alikuwa na ombi moja tu duniani: yeye ainunue nyumba ya saba, na Hattie apate ile tupu iliyokuwa mkabala nayo.

Mwezi Machi kampuni ilitangaza kwamba wapangaji wataruhusiwa kununua, na askari waliorudi kutoka vitani watauziwa nyumba zilizobaki. Clifton alikuwa amepigana Italia. Kadi za foleni ya Jumamosi ziligawiwa Alhamisi, na mtu aliruhusiwa kumchukulia mwenzake. Leokadia alikwenda alfajiri na kiti chake cha kukunja, akarudi na kadi mbili: arobaini na moja, na arobaini na mbili.

Sisi walimu tulitengewa Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Kila mnunuzi alipewa dakika tatu. Karani alionyesha mstari chini ya mkataba, nikaandika jina, nikarudi darasani kabla kengele haijalia.

Jumamosi niliwasindikiza Leokadia na Stanley. Kijana aliyekaa nyuma ya meza alimsogezea karatasi na kalamu. Leokadia aliiweka kalamu kando, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Sahihi ni hapa chini, mama," alisema karani.

"Nimepaona. Nitafika."

Alisoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno. Foleni ikaanza kuchemka.

"Mama, hiyo si Biblia!" alipaza sauti mwanamume mmoja.

"Stanley, mwambie mkeo mimi bado kijana. Nataka kuingia nyumbani kwangu kabla sijaota mvi!"

"Mwambie mwenyewe," Stanley akajibu. "Mimi nina miaka sita ya kujaribu."

Watu wakacheka, na Leokadia naye akacheka bila kuinua kidole. Nguo zisianikwe nje Jumapili. Nyasi zikatwe kila wiki. Akageuza ukurasa. Kwenye kifungu cha ishirini na tano kidole kilisimama. Alikirudisha mwanzo wa mstari, akasoma tena, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Nadhani nimekosea."

Nilisoma. Hakuwa amekosea. Nyumba ile isitumiwe wala kukaliwa na mtu yeyote asiye wa jamii ya watu weupe, isipokuwa mtumishi wa ndani. Nilimrudishia karatasi.

Wakati huohuo Hattie na Clifton waliingia, wametoka kwenye treni, Clifton amevaa koti lake la jeshi, Hattie amebeba keki kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Kicheko cha foleni, ambayo yote ilikuwa ya watu weupe, kilikatika.

"Shoga! Nimechelewa?" Hattie aliuliza. "Mbona umekauka hivyo, kama umeona maiti?"

Leokadia alimpa karatasi. Hattie alisoma kimya, akampa mumewe, kisha akaitua keki mezani polepole.

"Kumbe naruhusiwa," alisema. "Nije kukufulia."

"Si mimi niliyeandika, bibi," karani alisema, uso umemwiva. "Ndivyo zinavyokuja kutoka makao makuu."

Clifton aliiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Tia sahihi, Lodzia," Hattie akasema. "Una watoto. Usifanye upuuzi kwa ajili yangu."

"Kule juu uliniachia?"

"Kule ungekufa, mjinga wewe!"

Leokadia alimtazama Stanley. Stanley, ambaye mdomo wake haukukosa utani, alikuwa ameinamia karatasi ileile. Alitikisa kichwa mara moja kumkubalia. Ndipo Leokadia alipoichukua kalamu na kukikata kifungu kile kwa mstari ulionyooka.

"Sasa nitatia," alisema.

"Umeiharibu, mama. Siwezi kuipokea."

"Basi."

Aliweka kadi zote mbili juu ya meza, akaichukua keki. Foleni iliwapisha. Yule mwanamume wa mzaha wa Biblia alikuwa akitazama viatu vyake. Nami nilisimama palepale mpaka karani aliponiuliza kama nilihitaji kitu.

Mwishoni mwa Mei, kampuni ilipokataa kuwapangisha tena, akina Wrobel walirudi Brooklyn. Siku ya tisa baada ya kuondoka kwao, mlangoni pao palikuwa na mtu mwingine.

Jioni ya Jumamosi ile ya foleni nilitoa nakala yangu ya mkataba kwenye droo ya vijiko, nikaketi pale Leokadia alipozoea kuketi, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kifungu cha ishirini na tano kilikuwemo, neno kwa neno. Niliendelea bila kuruka mpaka nukta ya mwisho. Chini yake, kwa mwandiko uleule niliowaandikia watoto ubaoni miaka ishirini, palikuwa na jina langu.