Mikono ya Gari la Ochola

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai la dizeli, brashi, na rundo la vyuma vilivyojaa grisi. Hiyo ilikuwa Macalder, kwenye karakana iliyohudumia magari ya mgodi, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mkuu wetu alikuwa Foman Daudi, mtu mwembamba kutoka upande wa Asumbi, mzee wa kanisa, asiyepaza sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Alikuja akasimama kando yangu, akaokota chuma kimoja kutoka kwenye karai.

"Hiki kinaitwaje, Elisha?"

"Sijui, Foman."

"Basi usikioshe kama sufuria. Kioshe huku unakiangalia. Utaona kimelika wapi, na ukiona kimelika wapi utajua kilikuwa kinafanya kazi gani."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza ufundi wa magari. Sikuanzia kitabuni, nilianzia kwenye uchakavu wa vyuma. Nilikaa Macalder miaka mitatu hivi. Kazi za mgodi zilipopungua, Foman Daudi aliajiriwa Homa Bay, kwenye karakana iliyotunza magari ya vikosi vya kupambana na mbung'o katika bonde la Lambwe. Siku hizo mbung'o walikuwa wanaleta malale, ugonjwa unaomlaza mtu mpaka asiamke, na magari hayo ndiyo yaliyobeba wapulizaji dawa kwenda na wagonjwa kurudi. Baada ya miezi miwili Foman aliniletea habari nimfuate.

Huko ndiko nilikokutana na Ochola, dereva. Alikuwa mtu wa vicheko, mrefu kiasi kwamba aliendesha akiwa ameinamisha shingo. Alikuwa na mke na binti mdogo, Atieno, na nyumba yao ilikuwa pembeni mwa bonde lenyewe. Mimi sikuwa nimeoa bado. Jumapili nyingi nilikula kwake, samaki na kuon, ugali wa kwetu, na mkewe alikuwa akinicheka kwamba nanuka petroli hata nikiwa nimevaa shati la kanisani.

Magari mengi ya karakana yetu yalikaa juu ya springi za majani, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari la Ochola lilikuwa tofauti. Mbele, kila gurudumu lilishikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu, mwingine chini. Mkono huo una umbo la herufi A. Miguu yake miwili hufungwa kwenye chasisi kwa bushi za mpira, na kichwa chake hushika gurudumu kwa boljointi, kifundo kinachozunguka ndani ya kikombe kama nyonga ya mtu. Kazi yake ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka bila kukimbilia mbele wala nyuma. Kwenye mawe ya Lambwe, gari hilo lilitembea vizuri kuliko yote. Lakini mikono yake ya chini ilikuwa ya bati lililokunjwa, na mwaka wa pili ikapinda yote miwili.

Mikono ya kiwanda ilipaswa kuagizwa mbali, na hakuna aliyejua ingefika lini. Wakati huo huo wagonjwa walikuwa wakiletwa kwa baiskeli. Foman akaamua tutafute ya kiwanda kingine.

"Nenda Kisumu na Ochola," aliniambia. "Beba huu wa zamani kama mfano. Usinunue kwa kupendezwa. Pima kutoka tundu hadi tundu. Bonyeza bushi kwa kidole gumba, mpira uwe hai. Angalia palipochomelewa kama pana vishimo. Halafu ukishaufunga kwenye gari, kabla ya yote, inua gari kwa jeki, uliache gurudumu lining'inie, uone boljointi imelala kiasi gani. Ikiwa imefika mwisho wa kikombe chake, huo mkono si wa gari hilo, hata ungekuwa wa dhahabu."

Kwenye duka la spea kulikuwa na aina mbili. Ya kwanza ilifanana na yetu, bati lililokunjwa, ila nene kidogo. Ya pili ilikuwa ya bomba nene la chuma, imepakwa rangi nyekundu, na kichwa chake kimeinuliwa ili gari likae juu zaidi. Niliishika nikahisi uzito wake. Mwenye duka alisema ilitengenezwa kwa ajili ya barabara mbaya. Ochola aliipiga kwa ngumi akacheka.

"Omera, ndugu yangu, hii ndiyo dawa ya mawe ya kwetu! Ile nyingine itapinda kabla hatujafika Rangwe."

Nilipima tundu hadi tundu, vipimo vikaoana. Nikabonyeza bushi, zilikuwa hai. Palipochomelewa palikuwa safi. Nikachukua ile nyekundu. Nataka vijana wanaojifunza ufundi waelewe kwamba mpaka hapo sikuwa nimekosea. Chuma kizito si kosa. Kosa lilikuwa bado linakuja.

Niliifunga siku iliyofuata. Foman alikuwa nyumbani akitetemeka kwa malaria, na mganga wa kituo kimoja bondeni alikuwa ametuma habari mara mbili kuulizia gari. Nilikaza bolti ya mwisho adhuhuri. Jeki kubwa ilikuwa imekwenda na fundi mwingine barabarani, na ile ndogo isingeweza kuliinua gurudumu likaning'inia sawasawa. Nililishusha gari, nikalitikisa kwa mikono, nikalizungusha uani mara tatu. Lilikaa juu, zuri, kama fahali. Ochola akaondoka nalo.

Siku tatu baadaye Foman alirudi kazini, macho yamemwingia ndani. Gari lilikuwa limekuja kujaza mafuta. Alichuchumaa mbele yake, akachungulia chini muda mrefu.

"Kichwa kimeinuliwa hiki," alisema. "Uliliacha gurudumu lining'inie?"

"Ndiyo, Foman."

"Boljointi ikawaje?"

"Ilikuwa na nafasi."

Aliniangalia. Hakuwa na sababu ya kutoniamini, kwa sababu sikuwahi kumdanganya. Akasimama polepole akishika goti, akatia sahihi kwenye kitabu cha ukaguzi. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema, "Bado, Foman, ngoja nilete jeki." Ingechukua nusu saa. Niliona aibu, basi. Niliona aibu ya nusu saa.

Wiki ya tatu, asubuhi, Ochola alikuwa anarudi kutoka bondeni peke yake, ameshawashusha wapulizaji. Penye kijito kilichokauka gurudumu la kushoto lilining'inia hewani likashuka kwa nguvu. Boljointi, ambayo siku zote hizo ilikuwa inagonga ukingo wa kikombe chake, ikakatika shingo. Gurudumu likajikunja chini ya gari na gari likabingirika. Wachungaji ndio waliomfikia kwanza. Alikuwa ameshakufa.

Tulikwenda kulivuta gari, Foman na mimi. Foman alilala chali chini ya gari juu ya yale mawe. Nilimwona akipitisha kidole kwenye shingo iliyokatika, pale palipong'aa kwa kugongana kwa muda mrefu. Ni kile alichonifundisha Macalder, kuangalia palipolika. Alikaa huko chini mpaka nikadhani anaumwa tena. Alipotoka alijifuta mikono.

"Uliniambia ulipima."

Nilitikisa kichwa, kwamba sikupima.

"Haya," alisema. "Lete mnyororo."

Tulilivuta gari mpaka Homa Bay. Walipokuja wakubwa kuuliza, alisema yeye ndiye mkaguzi, sahihi ni yake, na hakupima. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilinyamaza. Foman Daudi alishushwa cheo akapelekwa Migori kutunza stoo ya matairi. Mwaka uliofuata mimi nikapewa nafasi yake.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, kwanza Homa Bay, kisha nikapelekwa vituo vingine, na popote nilipokuwa hakuna gari lililotoka kwangu bila gurudumu kuning'inizwa mbele ya macho yangu. Mafundi waliniita mkali. Wengine waliniita mwaminifu, na neno hilo nilishindwa kulizoea. Migori nilipita mara nyingi. Stoo ya matairi ilikuwa kando ya barabara. Sikuwahi kusimama. Nilipopata habari za kifo cha Foman, nilituma salamu za pole kupitia kwa mtu.

Baada ya kustaafu nilikosa pa kukimbilia. Kazi ilikuwa imenisaidia kutofikiri. Nikaenda Lambwe, kwa mjane wa Ochola. Alikuwa mzee sasa, lakini alinijua kabla sijafika uani. Nilimwambia yote, nikiwa nimeangalia ardhi.

Alivuta kigoda akakaa. Kisha akasema, "Daudi alikuja hapa siku ya mazishi. Aliniambia ni mikono yake iliyomuua mume wangu. Shemeji zangu wakamfukuza kwa fimbo. Kila mwaka baada ya mavuno alileta gunia la mahindi, nami kila mwaka nilimwambia arudi nalo. Mara ya mwisho alikuwa analivuta kwa baiskeli, hawezi hata kupanda. Nilimfungia mlango."

"Mama Atieno, nisamehe."

"Sijui kama naweza. Kwanza nipeleke kwa mke wa Daudi. Useme wewe, mimi nisikilize."

Tulikwenda siku hiyo hiyo, mpaka nyumba ya Foman nje kidogo ya Asumbi. Mkewe alikuwa anapepeta mtama. Nilisema tena yote, ya jeki, ya uongo, ya kunyamaza mbele ya wakubwa. Nilitazamia aniambie kwamba alijua, kwamba mume wake alimweleza ukweli chumbani kwao. Aliweka ungo chini.

"Hata mimi aliniambia ni yeye," alisema. "Nilikuwa nakasirika naye. Nilimwuliza mara nyingi, mtu makini kama wewe, ulisahauje? Hakuwahi kunijibu."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti, akamwekea mama Atieno, naye akaketi juu ya mkeka karibu yake. Walishikana mikono, wakaanza kulia kwa sauti ya chini. Mimi nilibaki nimesimama, kofia mkononi, kwa sababu hakuna aliyeniambia niketi.