Tomi Hakuzaliwa Mkali

Damari alikuwa mwanamke wa kusema. Pale Mafinga, alikouza mbao kwa miaka kumi na minane, hakuna dalali aliyethubutu kumchezea. Lakini siku moja aling'atwa na mbwa wa marehemu mama yake.

Alikuwa amefika nyumbani kwao Uyole kujiandaa na ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu mama afariki. Alisukuma geti akaita, "Tomi!" kama alivyoita siku zote. Tomi huyu ndiye aliyekuwa akilala jikoni, vifaranga wakimpanda mgongoni, na Jumapili akimsindikiza mama hadi kanisani. Sasa alichomoka nyuma ya nyumba akiburuta kipande cha mnyororo, mbavu zikihesabika, akamrukia Damari bila hata kubweka na kumrarua mkono.

Asukile, mdogo wake aliyebaki na nyumba, akatoka mbio na mpini wa jembe. Akampiga mbwa, akazidi kumpiga hata baada ya mbwa kulala chini na kujikojolea.

"Mwache!" Damari alipiga kelele, damu ikimchuruzika.

"Namuua leo leo, dada. Mama alimdekeza, mimi nikamnyoosha awe mbwa wa ulinzi. Sasa anang'ata hadi watu wa nyumbani!"

"Umemnyoosha vipi?"

Asukile akaeleza, tena kwa kujigamba. Alimfungia ndani ya pipa wiki mbili. Alimlisha leo, kesho akamnyima. Wapita njia walipomrushia mawe aliwaacha, ili mbwa ajifunze kuwachukia watu.

Damari alienda kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Yohane, bwana mifugo wa kata, akakataza mbwa asiuawe: afungwe, aangaliwe siku kumi, ijulikane kama ana kichaa.

"Nitamwangalia mwenyewe," Damari akasema. "Na wewe, Asukile, usimsogelee."

Kila asubuhi alimwekea ugali na dagaa, akakaa mbali kwenye kigoda. Siku ya tatu Tomi alikula huku akimtazama. Siku ya tano mkia ulicheza kidogo. Lakini kila jioni, pikipiki ya Asukile ikisikika barabarani, mbwa alijikunyata ukutani mpaka akawa mdogo kama paka.

Jioni ya sita Damari aligeuka amwonyeshe Sabina, mke wa Asukile, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni. Sabina alikuwa ameshasimama. Alikuwa amezima redio na kuondoa beseni njiani. Pikipiki ilikuwa bado haijafika getini.

Damari alimtazama mbwa, akamtazama wifi yake.

"Sabina, anakupiga?"

"Wifi, ngoja nitenge maji ya kuoga..."

"Nimekuuliza."

Sabina alipandisha mkono wa sweta. Damari alipoona ile michubuko alitaka kutoka na ule mpini wa jembe. Sabina akamshika. "Usimwambie sasa. Ukilala, mimi ndiye nitakayebaki naye chumbani."

Tangu usiku huo Damari alimlaza Sabina chumbani mwake na kufunga mlango kwa komeo. Hasira alizimeza siku mbili, zikamuunguza kama kiungulia. Jumapili, baada ya ibada, ukoo na majirani walijaa uani. Baba mdogo, Andendekisye, akasimama kumshukuru Asukile kwa kulitunza boma la mama.

"Ametunza nini?" Damari akainuka na mkono wake wenye bandeji. "Mbwa aliyelala na vifaranga sasa anararua watu. Mnauliza ana pepo gani? Pepo ni huyu hapa! Mtu anayerudi nyumbani kila siku kwa mateke. Mbwa amejifunza kung'ata. Mkewe amejifunza kunyamaza. Na ninyi majirani, mlikuwa mnasikia!"

"Dada, unanivua nguo mbele za watu," Asukile akasema, akimsogelea.

"Sogea tena."

Hakusogea. Watu waliinamisha macho, na hilo ndilo lililomuudhi Damari kuliko yote: hakuna aliyeshangaa. Ndipo Sabina akasimama mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na begi, akaliweka miguuni pa Damari.

Usiku waliendelea kulala pamoja kwa komeo hadi siku kumi zilipotimia; Tomi akiwa mzima, walipanda lori la mbao lililokuwa likirudi Mafinga tupu. Wanawake walikaa mbele na dereva, mbwa nyuma.

Sabina sasa anauza mbao pamoja na wifi yake, na Asukile alipokuja kumfuata alirudi peke yake. Tomi hajawa yule wa zamani. Pikipiki ikipita bado anatoa meno. Tena Damari akiwafokea wapakiaji, mbwa anaingia chini ya mbao na Sabina anaacha anachofanya. Basi Damari anateremsha sauti. Inamuuma kuiteremsha, maana hasira zake kwa Asukile bado zinataka kutoka: hajamsamehe, wala hana mpango huo.