Verna na Mchezo Usio na Saa

Verna Tjaden aliogopa kila kitu. Aliogopa mbwa, radi, ngazi na daktari wa meno, na zaidi ya vyote aliogopa watu wakiwa wengi mahali pamoja. Lakini kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuwajaza watu mahali pamoja. Yeye na mumewe Orrin ndio waliokuwa na jumba la sinema la mji wetu, hapa Iowa, Marekani, katikati ya mahindi. Verna alikata tiketi dirishani, na Orrin alikaa juu kabisa, chini ya paa, akiendesha mashine.

Hofu yake ilikuwa na asili. Zamani, jumba likiwa bado la baba yake, mtu alipiga kelele za moto ambao haukuwapo. Watu wakasongamana mlangoni. Dada yake Alma akaangushwa, na hakuinuka tena. Verna hakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Tulilijua tu, kama tulivyojua mto ulipo.

Kila Mei, mahindi yakishapandwa, walionyesha filamu za besiboli Jumamosi asubuhi, zile ambazo mtu huweza kutazama na watoto wake na mama mkwe wake bila kuona haya. Siku hizi vijana wanazicheka. Wanasema mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Unajulikana, ndiyo. Nani huenda kanisani ili ashangazwe? Timu ya wanyonge inashindwa, inashindwa tena, halafu inashinda, na baba aliyekuwa amenuna anajifuta macho kwa kofia. Tulikwenda kukaa bega kwa bega na kuogopa pamoja jambo tulilojua litaisha vizuri. Sijaona kilichochukua nafasi ya hilo. Kila mtu sasa ana kioo cha simu yake mkononi na anaogopa peke yake.

Watoto walikuja na glavu zao za kudakia, eti mpira wa kwenye filamu unaweza kutoka ukutani. Na mchezo kwenye filamu ukifika zamu ya saba kati ya tisa, Verna aliacha dirisha lake, akaja kwenye kinanda chini ya jukwaa na kupiga ule wimbo ambao viwanjani watu huinuka kuuimba wakinyoosha miguu. Nasi tuliinuka, hata wazee wa mikongojo. Ulikuwa upuuzi mtupu, na hakuna aliyebaki kitini.

Jumamosi ninayoikumbuka nilikuwa mstari wa nne na binti zangu wawili. Filamu ilikuwa ya Toby, kijana wa timu ya kiwanda cha maziwa, ambaye hufumba macho kila mpira unapomjia. Tulikwisha kuiona mwaka wa jana na wa juzi. Zamu ya tisa, ya mwisho, timu zikiwa sare, Toby ameshika gongo la kupigia mpira. Hapo king'ora cha hatari cha mji kikalia.

Hakuna aliyetikisika. King'ora chetu kililia kila siku saa sita mchana, nasi tukaenda kula. Kitu ukikisikia kila siku, unasahau kiliwekwa kwa kazi gani. Saa sita ilikuwa bado, lakini Harlan Meints wa zimamoto alijulikana kwa saa yake mbovu.

"Harlan kashikwa na njaa mapema leo!" mtu akasema nyuma.

"Basi mkewe hajapika maini. Angekichelewesha!"

Tukacheka. Verna hakucheka. Kutoka dirishani kwake aliona mbingu imekuwa ya kijani kama maji ya dimbwi, na juu ya shamba la akina Ubben wingu limeteremsha mkia hadi ardhini. Pa kujificha palikuwa chumba cha chini, chenye mlango mdogo kando ya kinanda na ngazi ya mtu mmoja mmoja. Alinieleza baadaye alivyowaza. Akitamka neno kimbunga, watu watakimbia, na atakuwa na Alma wengi sakafuni. Akinyamaza, paa litatuangukia.

Akainua simu ndogo ya kwenda chumba cha mashine.

"Baba, kimbunga. Kiko kwa Ubben."

"Nazima, mama, nashuka sasa hivi."

"Usizime! Giza likiingia watakanyagana. Iache iende mpaka wote washuke."

Orrin akauliza, "Na mimi je?"

"Wewe wa mwisho," akasema. "Nitakungoja mlangoni."

Nilimwona akipita kati ya viti, uso umemwisha damu. Nikadhani kaona panya. Akaketi kwenye kinanda na kupiga wimbo wa zamu ya saba.

"Verna, huko tulishapita!" akapaza sauti Dwight, muuza mbegu. "Hii ya tisa! Ulikuwa umelala dirishani?"

"Inuka wewe," mkewe akamwambia. "Hicho kitambi kinahitaji kunyooshwa."

Tukainuka tukicheka. Verna, ambaye hatukuwahi kumsikia akiimba, akafungua kinywa akaimba, sauti ikitetemeka kama ya mwanambuzi. Akaacha kinanda, akafungua mlango mdogo, akauita mstari wa kwanza kwa mkono kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Watoto wakaingia wakidhani ni mchezo. Mama zao wakafuata. Ndipo masikio yakatuziba na paa likaanza kulia, na sote tukaelewa. Nilimwona Dwight akiugeukia mlango mkubwa. Magoti yangu yalitaka kwenda huko pia. Lakini Verna alikuwa katikati ya ubeti, ananitazama mimi, na mtu aliye katikati ya ubeti hakimbii.

Tuliposhuka wote, umeme ukakatika. Verna alibaki juu ya ngazi, ameushika mlango kwa mikono miwili, upepo ukimvuta.

"Funga, Verna! Utatuua!" wakapiga kelele waliokuwa chini.

"Bado mmoja."

"Funga, mwanamke!"

"Nimesema bado mmoja!"

Orrin akaingia kwa tumbo. Wanaume watatu wakauvuta mlango.

Gizani watu wakaanza kulia. Mtu alinisukuma, akitaka kupanda juu akamtafute nduguye. Nikasikia sauti ya Verna, ndogo sana.

"Baba, malizia filamu. Toby ana gongo mkononi."

Orrin akahema, kisha akaanza kwa sauti ya watangazaji wa redio. Mrushaji anajipinda. Toby anafumba macho. Anapiga! Mpira unapaa, unaelekea ukuta wa mwisho wa uwanja, ukiuvuka ni ushindi, unavu...

Juu yetu misumari ikapiga mayowe ikitoka kwenye mbao.

"Usivuke!" Verna akasema. "Asishinde sasa. Ibaki sare."

"Mabibi na mabwana," Orrin akasema, "mwamuzi anasema mpira umetoka nje ya mstari, hauhesabiwi."

"Mwamuzi kipofu huyo!" Dwight akafoka, na wengine wakacheka huku wakilia.

Besiboli haina saa. Ikibaki sare, watu hucheza mpaka timu moja ishinde. Orrin akatupeleka zamu ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, akibuni kila mpira, na jumba likiondoka vipande vipande juu ya vichwa vyetu. Halikujengwa tena. Leo pale benki inaegesha magari.

Zamu ya kumi na nne tukasikia kimya. Mwanga wa mchana ulipenya chini ya mlango, mahali ambapo palipaswa kuwa giza la ukumbi. Hakuna aliyeinuka. Kwetu, enzi zile, mtu hakuondoka kabla mchezaji wa mwisho hajatolewa na mchezo kwisha.

Verna alikuwa bado ameshikilia mkanda wa suruali ya Orrin.

"Haya, baba," akasema. "Mpe ushindi wake."

Na Orrin akamfanya Toby afumbue macho.