Kitanda cha Mama Jikoni

Kaka yangu alipomjengea mama chumba chenye dirisha la kutazama majani chai, mama alilala humo usiku mmoja tu. Asubuhi akadai kitanda chake kihamishiwe jikoni, kwenye moshi. Moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alitaka apumzike. Yeye alitaka kujua nani amepita njiani.

Niseme ukweli, alinichosha. Kila nilipotoka kwangu Kinoru kwenda kumwona, kabla sijaweka mkoba chini ananiuliza nani alihubiri, nani hakuja kanisani, ng'ombe wa jirani amezaa ndume au jike. Nikisema sijui, ananuna. Wifi yangu, aliyekuwa akimtunza, alisema hofu hiyo ya kupitwa na mambo ndiyo itakayomuua. Nilikubaliana naye, tena kwa ukali.

Kisha siku moja wifi akanipigia simu.

"Mama haulizi tena," akasema. Nilianza kulia kabla hajakata.

Nilimkuta mama amegeukia ukuta. Nikamsalimu, nikampa habari za kanisani, akaitikia "mmm" bila kugeuka. Uji wake ulikuwa umepoa juu ya stuli. Niliogopa sana. Hofu ile niliyoidharau ndiyo iliyokuwa imemshikilia kwetu, na sasa imemwachilia.

Sikujua la kufanya, nikaketi na wifi kando ya moto tukamenya ndizi. Nikaanza kumnong'oneza juu ya wakwe waliomletea jirani mahari. Kondoo wao alikuwa akichechemea, wazee wakamkataa mbele ya watu. Wifi akanielewa. Naye akanong'ona, akaziba mdomo kuficha kicheko.

Nyuma yetu kitanda kikalia.

"Ongeeni kwa sauti," mama akasema. "Bado niko. Kondoo gani?"

Tulimweleza yote, tukatia na chumvi. Akaunywa ule uji ukiwa baridi hivyo hivyo. Tulikuwa naye mpaka maharagwe yakavunwa, na kila nilipokwenda nilihakikisha nina habari ya kumpa.

Siku ya mazishi yake, jikoni kulijaa wanawake wakipika na kuongea kwa sauti za juu. Nilimvuta wifi hadi pale kitanda kilipokuwa, nikamnong'oneza jambo lisilo na maana yoyote. Kisha tukanyamaza wote wawili, tukangoja.