Chuoni Shela walinifunga mguu kwa kuwa situlii

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari za kutwa.

Mimi ni bibi mtu mzima. Humu nimekuwa nikisoma tu, nacheka nanyi na kukasirika nanyi kimyakimya. Leo naandika, tena kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa, na kwa umri huu sina faida ya kutia chumvi.

Kwetu ni Shela, Lamu. Nasema miaka ya hamsini, Mngereza bado yupo. Shela ile si hii ya mahoteli. Nyumba nyingi zilikuwa magofu na mchanga ukiingia hadi ukumbini.

Baba yangu, Bwana Shee, alikuwa seremala, akienda Amu, yaani Lamu mjini, kwa miguu kila asubuhi. Mama yangu, Bi Maimuna, alishona kofia. Mimi, Zuhura, nilikuwa na miaka saba au minane, sina hakika. Kwetu hakuna aliyeshughulika na birthday.

Nilisoma chuo kwa Maalim Athmani. Kwa wageni: chuo kwetu ni pale watoto wanaposomea Kurani, si university. Tulikaa juu ya jamvi ukumbini kwake, kila mmoja anasoma pake kwa sauti, wote kwa pamoja.

Na mimi nilikuwa situlii.

Sijui niwaeleze vipi hali ile. Nageuka kulia, nageuka kushoto, nainuka nimwone Maalim, nakaa, nainuka tena. Mwili mzima uko kama wa mtu anayengoja jambo baya litokee nyuma yake. Watoto wakanipa jina la Pia, ile ya kuchezea inayozunguka.

Maalim alikuwa na bakora ndefu inayofika safu ya nyuma. Wenzangu wakipigwa walijua kosa lao. Mimi nimekaa zangu, mara bakora mgongoni. Nageuka, naona mdomo wake unafunguka na kufungika, naona watoto wanacheka. Nami nacheka. Basi hapo naongezwa nyingine.

Siku moja aliniuliza kama mama hajambo. Nikamjibu, "Nimeshakula." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikachapwa kwa ujeuri.

Mwisho akanifunga mguu kwenye nguzo kwa kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi. Wakuu, msimlaumu peke yake. Kamba yenyewe aliipeleka baba.

Nikifungwa ndio nazidi. Nusu yangu imefungwa, nusu inatapatapa. Usiku nilikuwa naogopa kulala kwa kuwa asubuhi itafika.

Rafiki yangu alikuwa mmoja, Nuru, mtoto wa jirani yetu Bi Mwanaesha. Wao walihamia kutoka Tchundwa, kisiwa cha Pate, na watoto wa Shela walimcheka anavyosema. Basi wachekwa wawili tukakaa pamoja.

Nuru akitaka kuniambia neno, hunigusa bega kwanza, halafu huja mbele ya uso wangu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ndivyo watu wa Tchundwa wanavyozungumza!

Sasa ile siku.

Tumetoka chuoni adhuhuri, natangulia kwenye kichochoro chembamba, Nuru yuko nyuma. Nilikuwa na furaha kwa kuwa mguu umefunguliwa. Mara nikasukumwa ubavuni kwa nguvu, nikajibamiza ukutani. Punda aliyebeba mawe ya kujengea akapita mbio karibu yangu kiasi cha kuhisi joto lake. Nilipogeuka, Nuru yuko chini, ameushika mkono wake, mdomo wazi.

Mkono ulivunjika.

Watu walikuwa wamepiga kelele tangu juu ya kichochoro. "Pisha ndia! Punda! Pisha!" Wote walisema niliitwa nipishe njia, nikapuuza. Wenye kuniangalia kwa jicho baya walikuwa wengi, na mimi sikuelewa nimefanya nini. Nilijua tu kwamba Nuru analia na wakubwa wananinyooshea vidole.

Baada ya alasiri walikusanyika kwetu: Maalim, Bi Mwanaesha, na Nuru mwenyewe, mkono umeshafungwa vijiti na mwunga mifupa. Maneno yaliyosemwa mle niliyajua baadaye, alinieleza mama.

Baba alisema, "Mwana huyu aliitwa na mtaa mzima akafanya kiburi, mpaka mwana wa watu akaumia. Chuoni harudi tena. Namtoa nimpeleke Kiunga, akakae na shangazi yake."

Mama akalia. Maalim akasema huenda ni heri.

Ndipo Nuru, hajaulizwa na mtu, akasema, "Hasikii."

"Hasikii kwa ukaidi," baba akamjibu.

"La, Bwana Shee. Hasikii. Nikimwita kwa nyuma hageuki, hata tukicheza. Mimi humgusa. Nyinyi mwamwita tu."

Mimi wakati huo nimekaa mkekani, nimewapa mgongo nusu, nakula kipande cha mkate wa sinia aliokuja nao Bi Mwanaesha. Nakiangalia kile kipande, basi.

Nilipoinua macho, nikamwona mama ameziba mdomo kwa ncha ya leso, machozi yanamtiririka. Baba mkono uko kichwani. Wote wanatazama juu ya bega langu. Nikadhani nimekula fungu la mtu. Nikakirudisha kile kipande sahanini polepole.

Nuru akanigusa bega.

Nikageuka. Maalim alikuwa nyuma yangu, karibu mno, mishipa ya shingo imemsimama. Alikuwa ameniita kwa sauti ndogo, halafu kubwa, halafu akapiga makofi, halafu akapiga ukelele. Mimi nakula mkate.

Mzee yule akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akasema taratibu, nikayaona maneno yote mdomoni: "Zuhura, mwanangu, niwie radhi."

Mwalimu kumwomba radhi mtoto, tena wa kike, mbele ya watu! Sikujua nifanye nini. Baba akatoka nje, hakurudi mpaka magharibi.

Mwaka wa nyuma nilikuwa nimeugua masikio, yakitoka usaha. Mama akitia mafuta ya uvuguvugu, usaha ukakatika, wakadhani yamekwisha. Kumbe mimi nikawa naishi kwa macho. Ile kuzunguka kama pia ilikuwa natafuta midomo ya watu, najua kuna kitu kinasemwa na sijui kiko wapi.

Baba alinipeleka hospitali Amu. Sikio moja lilipata nafuu kidogo, la pili mpaka leo ni pambo.

Kiunga sikwenda. Chuoni nilikalishwa mbele, uso kwa uso na Maalim. Zamu yangu ikifika, wote walinyamaza. Mwanzo nilichukia! Macho yote yale juu yangu, natamani kukimbia. Aliwafunza watoto waniguse kabla ya kusema, na baada ya muda wakawa wanagusana wao kwa wao hata wenye masikio yao. Wachache waliendelea kuniita Pia, na mimi niliwafinya, sitawaficha.

Mkono wa Nuru ulipona umepinda kidogo. Nilipohitimu Kurani alikaa ubavuni mwangu.

Kutulia sikuwahi kutulia kabisa. Hata leo siwezi kukaa nimeupa mlango mgongo.

Na Maalim Athmani, tangu mwaka ule, kila mtoto mgeni aliyeletwa, kabla ya kumfungulia alifu, herufi ya kwanza, alimwita kwanza kutoka nyuma. Wazazi walidhani ni dua fulani.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto asiyetulia kuna kitu anakitafuta. Usikimbilie kumkalisha. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, alhamdulillahi, tafuta sababu nyingine. Asipogeuka, zunguka mbele, uchuchumae, akuone mdomo. Na waulizeni watoto wenzake, wao hucheza naye.

Walimu wa chekechea na madrasa mliomo humu, na wazazi pia, nyinyi mnafanyaje mkipata mtoto wa aina yangu? Nauliza kweli. Komenti zote nitazisoma.